Gari Lisilokoroma

Baba yangu hakupanda lori. Nikianza na hilo watu huniuliza linahusu nini, nami huwaambia wanyamaze, lina njia yake. Nilikuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele. Tulikuwa Mwazye, tumevuna ulezi, na lori la misheni lilikuwa linakwenda Sumbawanga mjini. Baba akapakia gunia, akanipakia na mimi juu ya gunia, yeye akaweka mguu mmoja kwenye tairi apande. Dereva akawasha. Lori likakohoa, likatema moshi, likaanza kukoroma. Baba akaushusha ule mguu. Akazunguka mbele, akaweka sikio kwenye boneti vile alivyokuwa anasikiliza tumbo la ng'ombe, akasema, "Hiki kina kifua. Tangulieni, nitawakuta."

Watu wakacheka. "Mzee, unashindana na gari?"

"Sishindani na mgonjwa," akajibu, akashika fimbo yake.

Tulimpita tukimpungia mikono. Lakini hatukufika mbali, lori likazima kwenye mlima na halikuwaka tena. Tumekaa juu ya magunia, jua limeinama, tunamwona mtu anakuja na fimbo. Alisalimia kila mmoja kwa heshima kama watu aliokutana nao mara ya kwanza, akaniuliza mimi kama nimekula, akaendelea na safari. Kesho yake tulipoingia mjini tumekokotwa, tulimkuta kwa shangazi anakunywa togwa. Akaniuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?"

Alikuwa na imani hiyo mpaka anakufa, kwamba chombo kinachokoroma angalau kinakwambia hali yake.

Mimi nilikuja kuwa kinyume chake, sijui nilimrithi nani. Shule niliishia darasa la tatu, na kusoma kwenyewe nilikukomalia kwenye maboksi ya redio kuliko ubaoni. Redio yangu ya kwanza niliifungua siku hiyohiyo niliyoinunua nione anayesema amekaa wapi, haikusema tena. Taa ya sola, mtaani kwetu Milanzi, ilianza kwangu. Simu ya tochi ilianza kwangu. Simu ya kupangusa nayo. Jirani alikuja kuiona akaomba maji anawe mikono kwanza. Mke wangu husema siku wakileta kijiko cha umeme nitakufa njaa nikisubiri kijae chaji. Hata haya nayaandika kwenye simu kwa kidole kimoja, na simu inanitangulia neno kabla sijalimaliza, kama yeye mke wangu, na mara nyingine inapatia.

Watu wa mikoa mingine wakisikia natoka Sumbawanga wanacheka, wanasema ninyi si mnaruka na ungo? Nami huwajibu kwamba ungo huo ungekuwepo, mimi ningekuwa wa kwanza kuufungua nione mota iko wapi.

Na magari. Ngoja niseme la moyoni kuhusu magari ya siku hizi, maana nikilipita litaniwasha. Gari la zamani likiumwa lilipiga kelele, mtaa mzima ukajua. La siku hizi linawasha kitaa kidogo cha njano kwenye dashibodi, mwenye gari anakimbia kwa fundi, na fundi anakibandika selotepu nyeusi. Basi, limepona. Nimepanda magari mazuri sana hapa mjini yanayotembea kwa selotepu. Mengine yana sauti ya mwanamke anasema Kijapani ukiwasha tu, na hakuna anayejua anaonya nini. Labda anasema breki zimekwisha, sisi tunamwitikia, "Haya mama." Hata hivyo nayapenda. Napenda kamera ya nyuma, napenda kioo kinachoshuka kwa kidole, napenda hata harufu ya kiti kilichotolewa nailoni.

Lakini gari nililolipenda kuliko yote halikuwa na sauti kabisa. Liko uani kwangu mpaka leo. Lilirudi limebebwa mgongoni mwa lori, na kuku wanataga chini yake. Mara mojamoja nalitia chaji, nusu tu, nusu sivuki. Kwa nini nusu, ndiyo habari yenyewe.

Lilitengenezwa na mkwe wangu, mume wa binti yangu. Ni mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Milepa, kule chini bonde la Rukwa, wakaja na ng'ombe wa kujaza macho. Yeye ng'ombe hakuwataka. Aliacha zizi akapanda huku juu kwenye baridi, akajifunza ufundi kwa kushinda gereji, mpaka akawa na banda lake mwenyewe hapa Milanzi. Siku anaondoka kwao, baba yake alimwambia mbele ya ndugu zake, "Ukirudi, uje na kitu kinachokokota kuliko maksai wangu. Bila hicho usije kuniita baba."

Wazee wengi hutupa neno kama hilo wakalisahau wakishakula. Huyu hakulisahau. Kwenye harusi ya mwanawe hakuja. Alituma ng'ombe, na walioleta ng'ombe wakasema mzee amesema hawa ni kwa heshima ya binti, si ya kijana. Mkwe wangu alisikia akiwa amevaa suti. Akainamisha kichwa, akaendelea kula wali. Tangu siku ile nilijua anachokitafuta kila alipoingia bandani, hata kama anaziba pancha.

Alipata kirikuu, yale magari madogo ya mizigo, injini imekufa. Akaitoa injini yote akaiacha nje kama utumbo. Mahali pake akafunga mota ya umeme, na chini ya bodi akapanga betri alizokuwa anazifuata Tunduma, zilizotolewa kwenye magari yaliyopata ajali. Nilishinda kwenye banda lile kuliko nyumbani. Siku alipolitembeza mara ya kwanza, halikukohoa, halikukoroma. Liliondoka tu, kama paka. Hata mbwa wa mtaani hawakubweka, hawakujua kuwa ni gari.

Na kilichoniua kabisa ni cha mteremko. Aliniambia, "Baba, hili likishuka mlima halili. Linajaza." Unaondoa mguu kwenye mafuta (bado tulisema mafuta, ingawa tone halikuwemo), mota inageuza kazi, inazalisha umeme kurudi kwenye betri, na kule kuzalisha ndiko kunakolizuia gari, kama mtu amekushika shati kwa nyuma. Nilijaribu mwenyewe kwenye kilima cha jirani. Naondoa mguu, gari linajishika, na kwenye kioo kidogo cha kuonyesha chaji namba zinapanda. Breki sijaigusa. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Umri wote huu nimeona milima ikila breki za watu, leo naona mlima unaolisha.

Mwisho akasema liko tayari kwenda kwa mzee. Kule kwao wanawake walikuwa wanajitwisha mahindi mwendo mrefu kufuata kusaga. Yeye atawapelekea mashine ya kusaga, ataiunga kwenye betri za gari palepale uani kwa baba yake, na unga utatoka mbele ya macho yake. "Maksai wanaweza kuvuta," akasema, "kusaga hawawezi." Akaniomba nimsindikize. Mtu aliyekatazwa nyumbani haendi peke yake. Huenda na baba mkwe wake, ili mzee aone aibu kumfukuza mbele ya mgeni.

Sasa nije kwenye kosa, na ni kosa letu sisi wa huku juu, mgeni asingelifanya. Hapa Ufipa hakuna dereva anayeshuka bondeni bila kujaza tangi. Kule chini mafuta ni ya vidumu, na hujui yamechanganywa na nini. Ukishuka na nusu tangi, wenzako stendi wanakuuliza kama umewaaga watoto. Tumekua na hilo kama tulivyokua na kunawa kabla ya kula. Basi gari lilichajiwa usiku kucha, na asubuhi mkwe wangu akanionyesha kioo kwa furaha, limejaa pomoni. Nikampongeza. Binti yangu, akifuta vumbi kwenye kioo cha mbele kwa kitenge chake, akasema, "Sasa ndiyo mnasafiri kama watu." Halafu akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Ukifika, wahi shikamoo. Usimsubiri akutazame."

Kibanda cha mbele cha kirikuu ni kidogo, na mkwe hakai bega kwa bega na baba mkwe. Alikunja gunia akaliweka katikati yetu kama ukuta. Kwao na kwetu ni mamoja: mkwe hampazii sauti baba mkwe, hamgusi, hamtumi, wala habari mbaya hamwambii usoni. Nami simfundishi kazi yake. Tulisafiri hivyo, gunia katikati, kila mmoja na dirisha lake, mimi na sweta langu la baridi.

Tukafika ukingoni, nchi ikakatika. Ndivyo ilivyo kule. Unakwenda tambarare, mashamba ya mahindi huku na huku, halafu ghafla mbele ya tairi hakuna kitu, bonde liko chini limepauka kwa joto, na ziwa kwa mbali. Akasimamisha gari, akampigia simu mdogo wake. Akakata, akasema, "Mzee amekubali kuja mpaka chini ya mlima. Amekuja na maksai."

"Wa nini?"

"Amesema gari likishindwa, yeye yupo." Akacheka, ila kicheko hakikufika machoni.

Tukaanza kushuka. Kona ya kwanza akaondoa mguu kwenye mafuta. Nilisubiri ule mkono ushike shati. Haukushika. Gari liliendelea tu, laini, kama lililopakwa mafuta. Nikamtazama kwa pembe ya jicho. Naye alikuwa anatazama kioo. Akakanyaga breki, likapungua. Akaachia, likakimbia zaidi ya kwanza.

"Iko sawa?" nikauliza.

"Iko sawa, baba."

Breki zile zilikuwa za kirikuu, gari la kubeba nyanya. Sasa lilikuwa na betri nzito tumboni na chuma cha mashine mgongoni. Kona ya mbele nikasikia harufu, kama kwato inayochomwa. Moshi mwembamba ukapanda upande wangu. Sikuusema. Ningesema ningekuwa namwambia hajui kazi. Akashika hendibreki, akaivuta taratibu, nayo ikaja yote mpaka mwisho bila kushika kitu. Akairudisha polepole, kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

"Iko sawa, baba," akasema. Safari hii sikuwa nimeuliza.

Katika lori, mlima kama ule dereva huingiza gia ndogo na injini inalia mpaka chini, na ukisikia kile kilio unajua umeshikwa. Hapa gia hazikuwepo, alizitoa na injini. Nikalikumbuka sikio la baba yangu kwenye boneti. Nikasikiliza. Nilisikia upepo, nilisikia mawe chini ya tairi, na mashine ya kusaga nyuma yetu ikigonga bodi, go, go, go, kama mtu anayeomba kufunguliwa. Cha gari lenyewe sikusikia neno. Linatuua na limenyamaza. Mikono ya mkwe wangu kwenye usukani ilikuwa imetoka mishipa, na usoni jasho linamwagika, na bado ameubana mdomo kwa heshima. Nilitaka anipigie kelele. Nilitaka aniambie, mzee, tunakufa, nijue la kufanya. Lakini gunia lilikuwa katikati.

Chini, kona moja ikifunguka, tukawaona. Watu wamejaa barabarani, maksai wawili na nira yao katikati ya njia, na mzee mrefu mwenye koti amesimama mbele ya maksai. Mkwe wangu akapiga honi. Honi ya kirikuu ni kama mbuzi. Akapiga tena na tena, hakuachia. Wale watu wakatupungia mikono. Wanawake wakapiga vigelegele. Walidhani tunashangilia.

"Watoke," akanong'ona. "Watoke, watoke."

Hawakutoka. Vigelegele vikazidi. Mzee alikuwa amesimama vilevile, hajainua mkono, anamtazama mwanawe anavyokuja.

Hapo ndipo mkwe wangu alipovunja mwiko. Akautupa mkono juu ya lile gunia, akanibana kifua kwenye kiti kwa nguvu zake zote, akapaza sauti mpaka masikio yakaniuma. "Mzee, jishike! Nagonga!" Akakata usukani upande wa mlima, palipokuwa na rundo la kifusi lililoachwa na watengeneza barabara.

Ukiacha honi, mlio ule ulikuwa wa kwanza gari lile kuutoa tangu lizaliwe.

Vumbi lilipokaa, tulikuwa tumepanda nusu ya rundo, pua juu. Mashine ya kusaga ilikata kamba, ikaruka, ikaangukia mwamba, ikapasuka katikati. Mimi mzima. Yeye mzima, damu kidogo kwenye nyusi. Akaona mkono wake bado uko kifuani kwangu, akauondoa haraka kama aliyegusa sufuria.

"Nisamehe, baba. Nimekushika."

"Usingenishika ningekuwa natafuta meno," nikamwambia.

Hakucheka. Alikuwa anatazama kile kioo kidogo, ambacho bado kilikuwa kinawaka. "Ilikuwa imejaa," akasema, kama anakiambia kioo. Kisha akanigeukia. "Baba, debe likijaa, ukiongeza maji yanakwenda wapi?"

"Yanamwagika."

"Umeme haumwagiki. Unakataa kuingia. Mlima ulikuwa unatupa, na sisi hatukuwa na pa kuweka, basi mota haikuwa na kazi ya kufanya. Ndiyo maana haikutushika. Milanzi nilikuwa najaribu kila siku likiwa limeshatumika."

"Tungeshuka na nusu?"

"Lingetushika mpaka chini. Na tungefika limejaa."

Na mimi, Mungu anisamehe, katikati ya vumbi lile, nilifurahi kulijua hilo. Kila mtu ana ugonjwa wake.

Watu wakafika mbio, mzee nyuma yao kwa mwendo wake, na maksai. Akanisalimu mimi kwanza, kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mzazi mwenzangu."

"Mwangaluka," nikajibu kwa ulimi wangu wa Kifipa, na vijana wakaficha vicheko.

"Umeumia?"

"Sijaumia. Mwanao amenikinga kwa mkono wake. Na barabara ameiacha kwa ajili yenu, mngekufa nyote na ng'ombe." Nilisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

Mkwe wangu alishuka, akafuta damu, akainama mbele ya baba yake. "Shikamoo, baba."

Tulisubiri. Mzee alikuwa anaitazama mashine iliyopasuka. Marahaba haikutoka. Kijana alibaki ameinama mpaka mimi nikatazama pembeni, halafu akanyooka mwenyewe.

"Limekuwaje?" mtu akauliza.

"Betri ilikuwa imejaa mno," mkwe wangu akasema. "Ikijaa..."

"Sikieni! Limeshiba likagoma!"

"Kumbe na magari yanavimbiwa?"

"Ng'ombe akishiba anacheua. Hili likishiba linapanda kifusi!"

Akajaribu kuwaeleza habari ya debe. Alieleza vizuri, kwa mikono, kama alivyonieleza mimi. Walicheka zaidi. Nikaingilia, "Ni kweli, jamani, mteremko wenyewe unazalisha..." na mama mmoja akanikata, "Mfipa, hili nalo ni la kwenu, la ungo?" Wakashika mbavu. Siku nyingine ningecheka nao.

Mzee hakucheka. Alichukua mnyororo kwenye nira, akamnyooshea mwanawe bila kumtazama usoni.

"Nilisema kinachokokota," akasema. "Funga. Waongoze mwenyewe."

Mkwe wangu akaupokea mnyororo kwa mikono miwili. Akalala chini ya gari lake, akaufunga penye chuma kigumu, anapopajua yeye aliyepachomelea. Akashika kamba ya maksai, akapiga mluzi ule wa utotoni, nao wakamwitikia, wakainamisha shingo. Gari likashuka kwenye kifusi bila ubishi na kusimama barabarani. Maksai hawakutokwa hata jasho. Hakuna aliyepiga kigelegele.

"Fungua," mzee akasema.

Akafungua. Aliufuta mnyororo mchanga kwa shati lake, akaukunja vizuri, akauweka chini mbele ya miguu ya baba yake. Kisha akaja kwangu, akapiga goti kidogo, akanipa ufunguo kwa mikono miwili.

"Shika, baba," akasema. "Usilijaze."

Akaondoka. Hakupanda kuelekea kwetu, wala hakushuka kuelekea kwao. Alishika kijia cha ng'ombe kinachokata ubavu wa mlima, anatembea bila haraka, mikono mitupu, shati lina udongo wa mnyororo. Mbele kidogo nikamwona anainua simu juu ya kichwa, kama mtu anayetafuta mtandao, nikasema moyoni, ngoja aupate, ataongea na mkewe, atarudi. Kijia kikapinda nyuma ya mwamba, naye akapinda nacho, na mpaka leo hajarudi, kwetu wala kwao.